Mkoba wa Peremende

Mwanangu Leotis aliiweka mezani katikati ya sahani ya kambare wa kukaanga na chupa ya pilipili, akaifunika kwa kitambaa kama mtu anayefunika mkate usipigwe na upepo. Nikakifunua. Ilikuwa bastola ndogo nyeusi ya risasi tano, haizidi kiganja changu. Pembeni akaweka mkoba mpya wa ngozi wenye mfuko wa siri ubavuni. Mfuko ule hufungwa kwa zipu, na mkono wako ukiingia humo hakuna ajuaye unatafuta nini.

"Mama," akasema, "kuanzia leo hutoki nje ya nyumba hii bila hiyo."

Nikamwambia ale kwanza, samaki anapoa.

Leotis ana miaka hamsini na mmoja na anaendesha malori makubwa kutoka Memphis, lakini akiingia jikoni kwangu hula anapoambiwa ale. Akala. Mimi nikabaki kuitazama ile bastola. Ilikuwa kama mgeni ambaye hujamkaribisha na tayari amevuta kiti.

Nisieleweke vibaya, mimi si mtu wa kuogopa bunduki. Huku kwetu Mississippi mtoto hujua bunduki kama anavyojua jembe. Nilikuwa na miaka saba baba aliponifundisha kumtungua kindi juu ya mti kwa risasi moja, maana ya pili ilikuwa hasara. Shule niliiacha darasa la nne kwa sababu pamba haikungoja mtu amalize kusoma, ila shabaha sikuiacha. Bunduki ya marisau ya baba yangu iko mpaka leo nyuma ya mlango wa jikoni, na kila anayeingia kwangu huiona kabla hajaona sufuria.

Kisa chenyewe kilianza na ndama. Jirani yangu, Royce Tharp, ni mzungu mwenye umri kama wa Leotis, na huwinda kulungu kwa mbwa. Msimu ukifunguliwa mwezi wa kumi na moja huwaachia mbwa wake ishirini waingie msituni, kisha yeye na wenzake huketi ndani ya pikapu zao barabarani wakingoja kulungu atoke. Mbwa hawajui mpaka. Miaka mingi walikatiza ekari zangu arobaini, ekari ambazo baba alizinunua kwa jasho la pamba, nami nikanyamaza, maana ujirani ni kuvumiliana. Lakini msimu uliopita walimfukuza ndama wangu mpaka akajitupa kwenye waya wa miba na kuvunjika miguu ya mbele. Ilibidi nimuue mwenyewe. Wiki ile ile nikafunga geti la juu kwa mnyororo, na kila mti wa mpakani nikaupigilia kibao: hapa hakuna kuwinda na hakuna kupita.

Royce hakupenda. Asubuhi moja nikakuta matumbo ya kulungu yametundikwa kwenye sanduku langu la barua. Nikayaondoa, nikaliosha sanduku kwa maji ya moto na sabuni. Wiki iliyofuata nikaliosha tena. Msimu ukaisha nikadhani yameisha. Kumbe mwenzangu ameyaweka kiporo. Mwezi wa tisa alisimamisha pikapu yake pale pale kwenye sanduku, akateremsha kioo.

"Bi Verdell," akaniambia, kwa sauti ya upole kabisa, "mwanamke wa umri wako, peke yake, anatembea kando ya msitu na koti la rangi ya majani makavu. Msimu ukifika mtu anaweza kudhani ni kulungu. Ajali hutokea."

Akagusa ukingo wa kofia yake, akaenda. Baba yake hakuwahi kuweka "Bi" mbele ya jina la mama yangu hata siku moja, maana mama alikuwa mweusi. Huyu aliiweka, tena kwa adabu, na hapo ndipo nilipojua anamaanisha.

Niliwapigia simu watu wa sherifu, yaani polisi wa wilaya. Akaja kijana mmoja, akaandika, akakubali glasi ya chai baridi. Aliniambia kwamba mtu kusema ajali hutokea si kosa, kwa sababu ni kweli hutokea. Akaniambia pia, na hilo nilimshukuru, kwamba nikipiga simu watafika baada ya dakika arobaini, barabara ikiwa kavu.

Sasa, kutoka barazani kwangu hadi sanduku la barua ni hatua mia nne, na msitu uko upande wa kushoto njia nzima. Kila siku saa nne asubuhi naenda. Dada yangu Ruby Jean alihamia Chicago mwaka wa sitini na nane, na tangu wiki aliyofika hajaacha kuniandikia, nami sijaacha kumjibu. Kuandika nilijifunza kwa barua zake, siyo kwa mwalimu. Leotis alitaka barua zangu ziwe zinabaki posta ya mjini, au bora zaidi nihamie kwake Memphis, ana chumba kimekaa bure. Nikakataa la kwanza, nikakataa la pili. Mtu akikuondoa kwenye sanduku lako la barua, kesho atakuondoa barazani, na kesho kutwa atakuja kukuuliza bei ya shamba.

"Basi beba," Leotis akasema. Samaki alikuwa amekwisha, mifupa mitupu. "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi kilio sitaki."

"Maneno hayo nilikufundisha mimi, ukiwa bado hujui kujifunga kamba za viatu."

"Ndiyo. Na sasa ninakurudishia."

Hakuwa anacheka. Macho yake yalikuwa ya baba yake siku ile daktari alipotuita pembeni. Nikasema haya, nitajaribu.

Tukaenda kwenye machimbo ya kokoto. Alipanga makopo matano ya maharagwe juu ya gogo, akaanza kunieleza jinsi ya kusimama, nami nikayaangusha yote matano kabla hajamaliza kunieleza. Akaniambia kazi si kulenga, kazi ni kubeba. Akanipa masharti. Mkoba usitoke mkononi mwangu. Nisiuweke chini, nisimpe mtu, asiuguse mtu. Na ule mfuko wa siri nisiutie kufuli, maana bastola iliyofungiwa ni sawa na jiwe. Nikasema ndiyo kwa kila moja. Hapo nilikosea, na mtu yeyote wa kanisa letu la Mlima Nebo angeliona kosa langu hata kabla hatujaondoka machimboni.

Rafiki yangu Ozella Pickens alifurahi sana nilipomwambia. Tunajuana tangu tukiwa na meno ya utoto. Yeye amebeba ya kwake miaka kumi na miwili, tangu mtu alipomvunjia mlango akiwa bafuni. Huiweka kiunoni, chini ya ule mkanda wa kubana tumbo. Nikamuuliza, "Sasa ukiihitaji utafanyaje? Utamwomba mwizi akungoje uvue?" Akasema mwizi akimwona tu ameanza kuvua atakimbia mwenyewe. Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Lakini alipoondoka alinishika mkono akasema neno ambalo sijalisahau: tangu aanze kuibeba, analala. Siwezi kumcheka kwa hilo. Kila mtu na usingizi wake.

Mimi ilikuwa kinyume. Wiki ya kwanza nilitembea kwenda kwenye sanduku nikiwa nimetia mkono katika ule mfuko, na kila gari lililosikika mlimani lilikuwa la Royce. Siku moja kijana mgeni wa posta, aliyekuwa akishika zamu, alishuka ili anipe kifurushi mkononi, kwa heshima tu. Nilikipokea kwa mkono wa kushoto nikamwambia Mungu ambariki. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika bastola. Yeye hakujua. Mimi nilijua.

Dukani, watu waliokuja kunikumbatia niliwageuzia bega. Sisi ni watu wa kukumbatiana. Ukikwepa, watu huuliza kama una homa. Nikasema nina maumivu ya mbavu. Uongo mmoja ukazaa wa pili.

Ikafika Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja. Sasa nieleze habari ya mkoba wangu wa zamani. Kwa miaka arobaini, mkoba wangu kanisani haukuwa wangu. Ulikuwa na peremende, zile za mistari myekundu na myeupe, na watoto wa benchi tatu walijua. Mahubiri yakirefuka, mkono mdogo unakuja wenyewe, unafungua, unachukua moja, unafunga. Hakuna aliyeomba na hakuna aliyekatazwa. Wengine kati ya watoto hao leo wana wajukuu.

Jumapili hiyo nilikaa nimeukumbatia mkoba mpya kama kuku aliyekalia yai la bata. Vitukuu wa Ozella walikuwa upande wangu wa kulia. Amiyah, wa miaka minne, akanyoosha mkono. Nikauondoa mkono wake, polepole, lakini nikauondoa. Hakulia. Aliutazama ule mkono wake kama ndio uliokosea.

Kisha kwaya ikashika wimbo ambao mama yangu alikuwa akiuimba akifua. Nilijizuia. Nilikaza miguu, nikauma midomo, nikasema Bwana leo unipite, nina mzigo. Lakini Roho hakuulizi una nini mkononi. Nilipojua niko wapi, nilikuwa nimesimama kwenye njia ya katikati, kofia imeanguka, machozi yananitoka, na akina mama wahudumu wenye glavu nyeupe wamenizunguka kwa mikono yao nisije nikajigonga.

Na kwetu, mtu akishukiwa na Roho, wahudumu hufanya mambo mawili kabla ya yote. Humvua miwani. Na humpokonya mkoba, asije akampiga nao mtu. Mkoba hupitishwa mkono kwa mkono mpaka kwenye benchi lake, ukae salama.

Niliona hilo kwa macho yasiyo na miwani. Mikono yangu ilikuwa mitupu. Nikageuka. Mkoba ulikuwa kwenye benchi, na Amiyah alikuwa ameupakata magotini. Alikuwa ameshaumaliza mfuko mkubwa bila kupata kitu, maana wiki ile sikuwa nimeweka peremende hata moja. Alikuwa amefungua zipu ya ubavuni. Mkono wake ulikuwa ndani hadi kwenye kiwiko.

Nikamwita. Sijui nilipata wapi sauti ile, ilitoka tulivu kabisa.

"Amiyah, kipenzi. Toa mkono taratibu. Taratibu, kama unavyoutoa chini ya kuku anayetamia."

Alikuwa amekwenda nami bandani mara nyingi. Alijua kuku anayetamia hudonoa. Akautoa kidogo kidogo, kidole baada ya kidole, akauonyesha mtupu.

"Peremende yenyewe ngumu, Bibi," akasema. "Haitoki."

Ozella akaunyanyua mkoba kutoka magotini pake. Kwaya ilikuwa bado inaimba. Nadhani walioona hawakufika watu wanne.

Nilikwenda msalani, nikafunga mlango, nikaketi. Ozella alinifuata, akasimama nje ya mlango, akaanza kunipoza. Alisema hakuna kilichotokea. Alisema bastola ya aina ile kifyatulio chake ni kigumu, mtoto wa miaka minne hana nguvu za kukivuta. Alisema kosa si la bastola, ni la mkoba, ningeiweka mwilini kama yeye. Yote hayo yanaweza kuwa kweli. Nilimwacha amalize.

"Ozella," nikamwambia kupitia mlangoni, "Royce Tharp hajawahi kuingia kanisa letu. Hata mazishi ya mume wangu alisimama nje. Leo ameingia mpaka benchi la pili, ndani ya mkoba wangu, na mimi ndiye niliyembeba."

Kisha akasema, "Fungua, nikupe kofia yako."

Jioni nilimpigia simu Leotis nikamwambia aje aichukue. Nilimsimulia yote, sikumficha kitu, na nilimsikia akipumua. Ila hakukubali. Alisema basi Jumapili niiache nyumbani, niibebe siku nyingine. Nikamwambia mwanangu, siku nyingine ndizo nilizomshikia kijana wa posta bastola. Alisema nitajizoeza. Nikamwambia hilo ndilo linaloniogopesha, kwamba nitajizoeza. Akapandisha sauti, kitu ambacho hajafanya tangu akiwa na miaka kumi na sita.

"Kwa hiyo unataka nije kukuzika?"

"Nataka uje ule. Na sanduku la barua nitaliendea mimi mwenyewe, kwa miguu yangu, kila siku saa nne."

"Ukiwa na nini, Mama? Ukiwa na nini mkononi?"

Nilimwambia nitafikiri, tukaagana. Sikupata usingizi wa maana juma zima, na sioni aibu kusema hivyo. Nilimfikiria baba yangu. Mwaka wa sitini na nne, vijana walipokuja kutuandikisha sisi weusi kupiga kura na wawili wakalala kwetu, kuna watu waliapa kuichoma nyumba. Baba hakuficha kitu. Alitoa kiti barazani, akawasha taa zote, akaketi na bunduki ile ya marisau juu ya mapaja, amevaa shati jeupe ili aonekane tokea barabarani. Mama alimsihi azime taa. Alikataa. Alisema anataka kila atakayepita amwone vizuri, na ajue kwamba naye ameonekana. Magari yalipita. Hayakusimama.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Miaka yote nilikumbuka bunduki. Wiki ile ndipo nilipokumbuka shati.

Siku ya Ijumaa, msimu ukiwa unafunguliwa kesho yake, niliendesha gari hadi dukani kwa Nadine pale njia panda. Saa moja asubuhi wawindaji wote huwa pale. Wanajaza mafuta, wanakula mikate ya moto na soseji, wanadanganyana kuhusu pembe za kulungu wa mwaka jana. Royce alikuwa meza ya dirishani na wenzake watatu. Nilipoingia na mkoba wangu wa zamani walipunguza sauti kidogo, kama watu wanavyofanya mama wa kanisa akiingia.

Sikwenda mezani kwao. Nilikwenda ukutani, palipotundikwa nguo za wawindaji. Sheria inamtaka kila mwindaji wa kulungu avae rangi ya machungwa, ile kali inayoumiza macho, ili wenzake wasimpige risasi. Nikachukua kizibao kikubwa kuliko vyote na kofia yenye ukingo mpana. Nikavivaa pale pale, juu ya gauni langu, mbele ya kioo cha kujaribia miwani ya jua. Nadine akaniuliza, "Bi Verdell, umeanza kuwinda?"

"Hapana, binti yangu," nikasema, na hapo nikageuka ili sauti ifike dirishani. "Kuna jirani aliniambia nikitembea kwenda kwenye sanduku langu, mtu anaweza kudhani mimi ni kulungu. Royce, nakumbuka vizuri? Ulisema ajali hutokea?"

Hakuna aliyetafuna. Royce akaanza kuchezea kikombe chake. Akasema alikuwa ananitahadharisha tu, kama jirani.

"Nimeipokea tahadhari. Basi sikilizeni wote, na wewe Nadine usikie. Kuanzia kesho, saa nne asubuhi, kila siku ya Mungu, nitatembea hatua mia nne kwenda na hatua mia nne kurudi nimevaa hivi. Sitakuwa na bastola. Mwanangu alinipa, namrudishia. Mtu akinipiga risasi, asiwaambie kwamba hakuniona."

Mzee mmoja kwenye meza ile, Hoyt, ambaye baba yake na baba yangu waliwahi kuazimana nyumbu, alikohoa. Akamtazama Royce, akautazama mkate wake. "Hiyo inaonekana hata na kipofu," akasema, na hakumwambia mtu maalumu.

Nikalipa, nikatoka.

Leotis alifika usiku ule ule kutoka Memphis bila kuniarifu, uso umekunjamana. Nadine alikuwa amemwambia mtu, mtu akamwambia mtu. Alisema nimemtukana simba huku nimejifunga kengele. Asubuhi alitaka kunisindikiza, mimi nikamkatalia. Alitaka basi afuate nyuma kwa gari, nikamkatalia. Akasema, basi yeye atafanya nini, akae tu? Nikamwambia afanye kama babu yake. Avae shati jeupe, akae barazani, aonekane. Bunduki ya marisau alikuja nayo mwenyewe kutoka nyuma ya mlango, akaiweka juu ya mapaja. Sikumkataza. Iliyo mapajani kila mtu anaiona, na hakuna mtoto atakayedhani ni peremende.

Saa nne nikashuka ngazi. Palikuwa na umande bado, na mbwa wa Royce walisikika mbali ng'ambo ya kijito. Nilitembea katikati ya njia, sikutembea pembeni. Hatua ya mia moja nikawa naimba. Hatua ya mia mbili nikaacha, maana pumzi zilikuwa chache, na kama ningeanguka kwa pumzi Leotis angedhani nimepigwa. Msitu ulikuwa upande wangu wa kushoto, nami sikuutazama. Nilikuwa naogopa, ndiyo. Ila uoga ule ulikuwa wangu peke yangu, sikuwa nimemtilia mtu mwingine magotini pake.

Nilipofika kwenye sanduku, pikapu yake ikatokea juu ya kilima. Ikapunguza mwendo. Ikasimama. Mbwa wawili nyuma wakabweka mpaka akapiga bati kwa kiganja wakanyamaza. Kioo kikashuka. Bunduki yake ndefu ilikuwa imesimama kwenye kiti cha pembeni, mdomo juu. Nilifungua sanduku, nikatoa barua ya Ruby Jean, nikaitazama stempu, nikaitia mfukoni. Kisha nikamgeukia nikangoja. Nina subira mimi. Nimelea watoto sita.

"Kofia hiyo," akasema hatimaye, "inaonekana mpaka Alabama."

"Ndiyo kazi yake."

Akatazama njia yangu hadi kule mwisho, na najua aliliona shati jeupe barazani. Taya ilikuwa ikimcheza. Sikumwona akijuta, wala sikutaka anibembeleze. Mbwa wake mmoja akaanza kulia tena.

"Geti lile utalifungua lini, Bi Verdell?"

"Ndama wangu atakapofufuka."

Akapandisha kioo. Gari likaondoka taratibu, halikurusha hata vumbi. Nikarudi hatua zangu mia nne, na kwa kuwa kurudi ni kupanda, nilikwenda polepole, kwa makusudi, ili kila mwenye macho ashibe.

Nisiseme yamekwisha. Msimu ule mbwa wake walivuka mara mbili, na mara moja nilikuta kibao kimeng'olewa. Nikakipigilia kingine. Matumbo sijayaona tena. Leotis hajanikubalia hadi leo. Hupiga simu kila siku saa nne na nusu, na nisipopokea mlio wa tatu huanza kutafuta funguo za gari. Simlaumu. Bastola aliirudisha Memphis, iko kwake ndani ya kabati la chuma. Ozella bado anaibeba yake chini ya mkanda, na bado sisi ni marafiki.

Siku iliyofuata matembezi yale ya kwanza, Jumapili, nilikwenda kanisani na mkoba wa zamani. Amiyah alikaa kando yangu, mikono imefichwa chini ya mapaja. Mahubiri yakarefuka. Akanitazama, akanong'ona, "Bibi, naweza?"

Miaka arobaini hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza. Hilo ndilo Royce alilonichukulia, na mimi nilimsaidia.

Nikaufungua mkoba, nikaupindua juu ya benchi katikati ya mahubiri. Zikamwagika zote, nyekundu na nyeupe, zingine zikabingirika sakafuni hadi miguuni pa wahudumu. Mchungaji akanyamaza na kututazama. Nikamtazama na mimi.

"Chukua," nikamwambia Amiyah, kwa sauti ya kawaida. "Huu mkoba hauna mlango wa kubishia hodi."